Mwalimu na Chungu Kisichotoa Moshi

Mtaani kwetu Kasingirima, hapa Ujiji, ukiuliza ni mwanamume gani alikuwa na viatu vinavyong'aa kuliko vya wote, watu watakutajia Mwalimu, ingawa soli za viatu vyenyewe zilishonwa kwa uzi wa nyavu na kisigino kimoja kilikuwa kipande cha tairi. Kila asubuhi alikaa kwenye kizingiti cha chumba alichopanga uani kwetu, akavipaka dawa, akavisugua kwa kitambaa, halafu akavirudisha chini ya kitanda na kuingia kazini na kandambili.

"Mwalimu, sasa unavipakia nani kama huvivai?" nilikuwa nikimuuliza.

"Navipakia siku nitakayoitwa ghafla," ananijibu bila kuinua macho. "Mtu akiitwa ghafla hapewi muda wa kupaka viatu, mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu kwa Kirundi. Alikuwa akijisahau akaniita hivyo mbele za watu, kisha anakohoa na kurudia kwa Kiswahili. Ya nyuma yake siyajui mengi na sitaki kuyabuni. Ninachojua ni kwamba alifundisha fizikia sekondari huko kwao Burundi, na kwamba aliingia Tanzania na mjukuu mgongoni miaka ile watu walipokuwa wakishuka kwenye maboti kwa mamia na kulala ufukweni juu ya mchanga. Kwetu hakufundisha darasa lolote, lakini mtu akikueleza kwa nini sufuria la maji linaanza kuimba kabla ya kuchemka, utamwita nini? Tukamwita Mwalimu.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikawa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja pale sokoni Mwanga. Kichwa changu kilijaa magauni ya maharusi ambayo sijawahi kuyashona. Nilikuwa nachora mikono ya gauni kwa kijiti kwenye vumbi la uani, na Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akisimama kuangalia bila kucheka. Aliniuliza maswali ya maana. Huu mkono, bibi harusi atauinuaje akitaka kula? Nikafuta, nikachora upya.

Alikuwa mtu wa kuongea, na papo hapo alikuwa mtu wa kuogopa watu. Gari lolote lenye watu waliovaa sare likipita barabarani, anaingia ndani na kukaa kimya mpaka mlio wake uishe, kisha anatoka na kuendelea na sentensi palepale alipoiachia. Wakimbizi waliokutwa mjini bila kibali walikuwa wakirudishwa kambini, na yeye kibali hakuwa nacho. Lakini Kiha na Kirundi vinasikilizana kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo aliwaambia watu kwamba yeye ni Muha wa Kalinzi, ameshuka mjini baada ya kugombania shamba la kahawa na ndugu zake. Hadithi hiyo alikuwa akiiongeza nyama kila mwezi. Ikafika mahali ndugu mmoja wa shamba akawa ameoa mke wa pili, mkorofi.

Siku moja akaja uani mama mmoja wa Kalinzi kweli, anauza ndizi. Akasikia kwamba kuna mtu wa kwao.

"Kalinzi upande gani, baba?"

"Upande wa juu."

"Juu wapi? Kwa nani?"

"Kwanza niambie, mvua imenyeshaje huko? Ile njia ya kushukia inapitika? Na mbuzi, ule ugonjwa wa kwato umeisha, au wanahangaika bado?"

Mama wa watu akaweka beseni chini akaanza kueleza mbuzi wake mmoja mmoja, mpaka na yule aliyezaa mapacha akawakataa. Aliondoka amefurahi kupata mtu wa nyumbani, akaacha na kichane cha bure. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulipotea njia. Ulikuwa wa kusimama mahakamani."

"Huko nitafika tu, Mama, msinihimize."

Mama alijua kila kitu. Uani kwetu wote tulijua. Mama yangu ni mtu wa Ujiji hasa, wa kanga na tasbihi, na kwake mtu akishaingia mlangoni na mtoto, habari ya vibali imekwisha. Alisema mtu akiuliza atajibu yeye, na sisi watoto tufunge midomo. Tukafunga.

Mtoto mwenyewe jina lake la nyumbani ni Ineza, lakini mtaani tulimwita Zena ili afanane na wengine. Alipokuja kwetu hajafikisha umri wa kuanza shule. Alikuwa na macho makubwa, mdomo hautulii, na kifua kibovu. Hicho kifua ndicho kilichowatoa kambini. Mwalimu alinisimulia mara moja tu, akiwa anatazama mikono yake. Kule kila hema linapika kwa kuni mbichi, moshi unalala chini kama blanketi, na asubuhi moja Zena akabanwa mpaka midomo ikawa rangi ya zambarau.

"Nilimbeba nimtoe kwenye moshi," alisema. "Nikatembea kidogo, akapumua. Nikasema nitembee tena kidogo. Nikawa naogopa kusimama. Sikusimama mpaka nikaona ziwa."

Kwa hiyo ukitaka kumwelewa Mwalimu uanzie hapo. Alikuwa anataka kitu kimoja duniani: huyu mtoto apumue. Mengine yote, Kalinzi na kahawa na mke mkorofi, yalikuwa ya kumkinga huyo mtoto asirudishwe kwenye moshi.

Sasa kazi aliyoipata, mkosi wake, ilikuwa kazi ya moto. Wavuvi wetu waliacha karabai wakaanza kuvulia taa za betri, na betri zikifa zinatupwa. Ndani ya betri mna risasi, ile metali nzito na laini inayokatika kwa kisu. Mwalimu alizipasua betri kuukuu kwa shoka, akatoa vile vibamba, akaviyeyusha kwenye kikaango juu ya mkaa, akamimina kwenye kalibu ya udongo yenye msumari katikati. Inapopoa, unachomoa msumari, unabaki na kipande chenye tundu kama ushanga mkubwa. Hivyo ndivyo vinavyofungwa pindoni mwa wavu uzame. Wavuvi walimpenda kwa sababu vyake vililingana uzito na tundu halikukata uzi.

Mteja wake mkubwa alikuwa Sudi, nahodha kijana wa boti la dagaa, mtu wa maneno.

"Mwalimu, hizi risasi zako zinazama vizuri kuliko za mjini. Umezisomea nini?"

"Nimezisomea kuzama."

"Na mimi je, nikizama utanisomea?"

"Wewe huzami, Sudi. Una hewa nyingi kichwani."

Wakacheka. Lakini nyuma ya kicheko, jiko lilikuwa linafuka uani, kwa sababu vile vibamba vya betri vina uchafu, na ukiviweka motoni vinatoa moshi mweupe unaokwaruza koo. Mwalimu aliteremsha jiko mpaka kwenye kona ya choo. Akalipeleka nyuma ya ukuta. Upepo wa ziwa hauna adabu, ukaurudisha moshi hukohuko chumbani. Siku moja mchana Zena akabanwa. Mama akamkalisha, akamsugua mgongo kwa mafuta ya mnyonyo, na Mwalimu akawa amesimama pale mlangoni na koleo mkononi, mdomo wazi, kama yeye ndiye asiyepata pumzi. Mtoto alipotulia, Mwalimu alichukua maji akalimwagia jiko. Lile jiko la udongo likapasuka vipande viwili.

"Moshi basi," akasema. "Katika maisha ya huyu mtoto, moshi basi."

Kuanzia hapo kikaja kile kipindi chake cha furaha. Niliwahi kumwona amefurahi, nashuhudia. Alikuwa anatengeneza chungu cha umeme.

Jumamosi moja aliongozana nami mpaka Mwanga, mimi nikaenda kwenye cherehani yangu, yeye akaenda kwa wauza vyuma chakavu. Mchana akapita kunionyesha alivyopata, amevifunga kwenye leso. Koili ya jiko la umeme lililokufa, zile karatasi zinazometameta, zisizoungua, zilizotoka ndani ya pasi kuukuu, kipande cha bomba nene la chuma ambacho mchomeleaji alikuwa amekiziba chini, na kopo kubwa la rangi. Aliviweka juu ya meza ya fundi wangu katikati ya vitambaa.

"Hiki ni chungu," akasema.

"Hiki ni takataka," akasema fundi wangu.

"Ego, ndiyo, ni takataka pia. Subiri."

Bomba ndilo chungu chenyewe. Alilizungushia zile karatasi za pasi ili umeme usigusane na chuma, juu yake akazungusha waya wa koili taratibu, mzunguko usiguse mzunguko, nao akaukandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Udongo wa kichuguu hauna haraka ya kupasuka. Akauanika kivulini siku nyingi, mimi nikamwona anaugonga kwa ukucha kila jioni na kusikiliza. Ulipokauka akakitumbukiza chote ndani ya kopo la rangi, akajaza majivu pembeni ili joto lisitoroke, akatoboa tundu la waya, na kwenye kuta za kopo akafunga mpini wa mti. Swichi ya pasi akaiweka nje, ya kupunguzia joto. Kwa kweli kilikuwa kitu kizuri. Alikipaka na rangi ya buluu iliyobaki kwenye kopo.

Siku ya kukiwasha umeme ulikuwepo, tukajipanga uani mbele ya mlango wake: mimi, Mama, Sudi na Zena. Mwalimu akavaa viatu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona navyo miguuni.

Akachomeka waya. Hatukusikia chochote. Sudi akasema kimelala. Mwalimu akaweka vipande vya risasi ndani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumfundisha Zena wimbo wa kwao. Baadaye akachukua njiti ya kiberiti isiyo na kichwa akaichovya. Ilitoka ya kahawia bila kuwaka. Akatuonyesha: ikitoka nyeupe bado, ikitoka nyeusi umezidisha, ikitoka ya kahawia ndiyo yenyewe. Tukachungulia. Mle ndani risasi ilikuwa imekuwa kioevu chenye kung'aa kama kioo, na hapakuwa na moshi hata wa kuwasha macho.

Zena akavuta pumzi ndefu, kwa makusudi, ili babu yake aone. Akaitoa. Tukapiga makofi.

Nilimwuliza swali siku hiyo, na sikuuliza kwa akili yoyote, niliuliza tu kwa sababu nilisikia watu wa gereji wakisema. "Mwalimu, wanasema risasi ina sumu. Hiki hakina?"

Akafurahi kuulizwa. Akainua kidole kama yuko mbele ya darasa.

"Sumu ni msafiri, haina miguu. Lazima ibebwe. Kule kwenye mkaa ilibebwa na moshi. Hapa moshi hakuna. Sasa itabebwa na nini?"

Lilikuwa swali zuri, na lilikaa pale uani bila kujibiwa.

Mvua zilipoanza, akakiingiza chungu chumbani. Kwa nini asikiingize, nacho hakina moshi? Na ndani hakuna mpita njia wa kuuliza huyu mzee wa Kalinzi anapika nini. Akakiweka kwenye kona, karibu na kitanda cha Zena, kwa kuwa chungu kilikuwa kinatoa joto na mtoto wa kifua hupenda joto. Umeme ukiwepo anayeyusha, ukikatika anakwangua na kusafisha. Juu ya risasi iliyoyeyuka hutanda utando wa kijivu, aliuengua kwa kijiko na kuutia kwenye mkebe, na ukipoa unakuwa unga mwepesi kama majivu. Sakafu aliifagia kila siku kwa ufagio mkavu. Alikuwa mtu msafi.

Na Zena hakukohoa tena. Hili niliseme wazi, maana ndilo lililotufunga macho sote. Mvua nzima ilipita hajabanwa. Mashavu yakajaa. Mama alikuwa akipita mlangoni anasema mashallah, na anamletea kikombe cha maziwa, kwa sababu mafundi wote wa mjini wanajua kwamba mtu anayefanya kazi ya madini na rangi anywe maziwa, yanasafisha kifua. Mwalimu alikunywa cha kwake, Zena cha kwake, vikombe viwili juu ya benchi kandokando ya chungu.

Mchana alimfundisha hesabu kwa zile risasi. Anazipanga mkekani: hizi za Sudi, hizi za jirani yake, ukizichanganya? Zena alikuwa hodari. Alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Alizitunga kwenye uzi akavaa shingoni, akanijia mbio.

"Dada, mimi bibi harusi. Nishonee."

"Bibi harusi gani anakula mkufu wake? Toa mdomoni."

"Ni tamu kidogo," akasema. "Onja."

Nilimtoa mkufu mdomoni nikacheka, nikampima kwa kamba, nikamwambia gauni lake litakuwa na mkia wa kufika mpaka kule Kibirizi.

Mabadiliko hayakuja kama ugonjwa. Yalikuja kama tabia. Zena akaanza kukataa chakula. Akasema tumbo linakata, tukampa dawa ya minyoo. Likaendelea kukata, Mama akachemsha majani ya chango. Akawa hataki kucheza, anakaa kizingitini anatazama kuku. Siku moja Mwalimu akampangia risasi mkekani kama kawaida, na Zena akaziangalia muda mrefu, halafu akamtazama babu yake kama anayengoja kuambiwa hivyo vitu ni nini.

"Anadeka," akasema Mwalimu. "Ni mvua." Lakini akaongeza maziwa. Akaziba na upenyo wa dirisha ili baridi isiingie.

Mama ndiye aliyesema aende hospitali. Mwalimu akakataa, na hapo niliwasikia wakigombana mara ya pekee.

"Wataandika anatoka wapi," alisema. "Watauliza mzazi. Watamrudisha kule. Mama, kule atakufa, nilimwona akifa."

"Basi nitampeleka mimi. Ni mjukuu wangu. Nani atabisha?"

Mama akampeleka, nami nikambeba. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, amechoka. Alimbonyeza tumbo, akamwangalia ufizi kwa tochi, akaangalia tena. Akageuka kwa Mama.

"Nyumbani mnafanya kazi gani, bibi? Kuna fundi wa betri, wa rangi, wa redio?"

Mama yangu alitazama kanga yake, akaikunja vizuri pajani. Nilijua anafikiria nini. Anafikiria kwamba akisema kuna mzee anayeyusha risasi uani, watauliza mzee yupi, wa wapi.

"Hakuna fundi," akasema. "Babu yake ni mkulima. Wa kahawa, Kalinzi."

Akasema vizuri kabisa, bila kupepesa, maana tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi hata na sisi tumeizoea. Daktari akaandika. Tukapewa dawa ya malaria na ya kuongeza damu, tukarudi nyumbani, na Mwalimu akamshukuru Mama kwa kumshika mikono yote miwili. Uongo ule wa Mama ulikuwa wa mapenzi matupu, na ndio uliotumaliza.

Ijumaa moja, wanaume wanatoka msikitini, Zena akaanguka na degedege mkekani, katikati ya risasi zake. Mwili ulikakamaa, macho yakageukia juu. Ulipolegea ukakaza tena. Mama akapiga kelele ya kuita pikipiki. Mwalimu hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta viatu vyake chini ya kitanda, akavivaa, akafunga kamba zote mbili. Nilidhani amechanganyikiwa. Kisha akambeba mtoto akapanda pikipiki nasi tukafuata na nyingine.

Alikuwa yule yule daktari. Akamtambua Zena. Akamtambua na Mama, akafungua mdomo aulize, na Mwalimu akasimama mbele yake, amenyooka, kama anayejieleza kwa mkaguzi wa shule.

"Andika upya, daktari. Mimi ni mkimbizi. Natoka Burundi, nimetoroka kambini, kibali sina. Huyu ni mtoto wa binti yangu. Nayeyusha risasi ndani ya chumba anacholala. Ni muda sasa. Mlango nafunga."

Daktari akamwangalia. "Kwenye mkaa?"

"Kwa umeme. Nimetengeneza chungu mwenyewe. Hakitoi moshi."

"Mzee wangu," daktari akasema polepole, "mvuke wake hauonekani. Na lile vumbi? Unafagia? Mtoto anashika, anatia mdomoni?"

Nilimwona Mwalimu akilipata lile jibu la swali lake la siku ile uani. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu aliyepiga hesabu ndefu ubaoni, amejaza ubao mzima, halafu anaona kosa liko mstari wa kwanza. Alitazama viganja vyake, vile vyenye weusi usiotoka kwa sabuni. Akavificha nyuma.

"Nafagia kila siku," akasema.

Dawa ya kuitoa risasi damuni haikuwepo pale, ilibidi iagizwe mbali, na ilipofika Zena alikuwa ameshapita kwenye degedege nyingi. Hakufa. Maofisa wa wakimbizi walikuja, wakawa wapole kuliko tulivyoogopa, wakamwacha Mwalimu akae wodini mpaka mtoto aliporuhusiwa, kisha wakawapeleka kambini wote wawili. Kile chungu cha buluu Sudi alikikata kwa shoka, akaenda kukifukia mbali na maji. Chumba tulikikwangua na kukipaka chokaa upya, na Mama hadi leo hakipangishi.

Mimi nilikuja kupata cherehani yangu mwenyewe. Maharusi bado ni wachache, nashona sana sare za shule, lakini ndoto zangu hazijanihama, namshukuru Mungu kwa hilo. Na kwa sababu ya sare nikapata safari. Mwaka jana nilipata ruhusa ya kupeleka nguo kambini, nikaulizauliza, nikaelekezwa kwenye banda la turubai ambalo ni darasa.

Alikuwa anafundisha. Safari hii ni mwalimu wa kweli, ana ubao na watoto wamebanana kwenye mabenchi. Amekonda. Viganja vyake vinaning'inia kutoka kwenye kifundo cha mkono kama majani yaliyokosa maji, maana sumu haikumwacha na yeye, na chaki anaishika kwa mikono miwili. Aliponiona aliiweka chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwana wanje." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Huo mkono wa gauni lako, unaweza kuuinua ukala?"

"Naweza."

"Umekua."

Zena alikuwa benchi la mbele na watoto wadogo, magoti yamepita meza. Msichana mrefu sasa, mzuri, macho yaleyale. Alinisalimia kwa adabu kama unavyomsalimia mgeni. Nilimwambia mimi ni Dada wa Ujiji. Akatabasamu, akasema karibu, na baada ya kitambo akaniuliza mimi ni nani.

Nililala kwa mama mmoja jirani yao. Jioni tulikaa nje ya kibanda chao, kuni zinafuka kila upande kama alivyonisimulia, na nikawa namwangalia Zena kwa wasiwasi, moshi unampitia usoni.

"Habanwi tena," Mwalimu akasema, ameona ninachokiangalia. "Tangu tuliporudi hajabanwa hata mara moja. Daktari wa hapa anasema watoto wengine wanakua wakaupita ule ugonjwa. Wanauacha nyuma tu wenyewe, kama meno ya utoto. Ningekaa tu hapa, ungeisha."

Nilimshika mkono wake uliolegea, naye akauacha kwangu.

Zena alikuwa na kitabu cha hesabu cha darasa la kwanza mapajani. Aliweka kidole kwenye ukurasa, akakitoa, akakirudisha. Kisha akakifunga.

"Babu," akasema, "kwa nini mimi nasahau?"

Mwalimu alimgeukia akakaa vizuri, uso kwa uso.

"Ni mimi, mama. Nilitengeneza kitu nikakiweka karibu na kitanda chako. Nilidhani ni kizuri. Kilikuwa na sumu, ikaingia kichwani mwako. Wewe huna kosa. Kosa ni langu."

Yule mtoto akawa kama aliyepigwa. Nikaona ndiyo kwanza anasikia. Machozi yakamjaa, akamtazama babu yake muda mrefu, hasira na huruma vikipokezana usoni, mpaka mwishowe akanyoosha mkono akamfuta babu yake machozi, ya kwake akayaacha.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua."

"Basi nisamehe na mimi kwa kukuuliza."

Alipoingia kulala nilimwuliza Mwalimu kwa sauti ya chini kama leo ndiyo siku aliyoamua kumwambia.

"Ananiuliza kila siku," akasema. "Namwambia kila siku."

"Mwalimu, si umwambie tu kwamba aliugua? Hatakumbuka. Mnajitesa wote wawili."

Alitikisa kichwa. "Oya, hapana. Kuna siku moja, mwana wanje, atakumbuka. Sijui ipi. Sitaki siku hiyo iwe ndiyo niliyomdanganya."

Asubuhi nilikwenda kuwaaga. Zena alikuwa anajifunga viatu, yuko mzima, anaimba. Aliniuliza jina nikamwambia. Akachukua kile kitabu, akakifungua, akaweka kidole kwenye ukurasa. Akainua kichwa.

Mwalimu alikuwa ameshaweka kikombe cha chai chini na kumgeukia, anangoja.